Madirisha ya mvule, rangi ya risasi na moto wa gesi

*"Assalamu alaikum fundi. Tumerithi nyumba ya marehemu babu hapa Tanga, iliyojengwa kabla ya vita vya pili. Ina madirisha kumi na mawili: manane ya mvule yenye mabawa na vibao vya mshazari, na manne ya chuma yaliyoongezwa upande wa jikoni miaka ya hamsini. Yote yamepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, sasa inabanduka kama magamba ya samaki. Fundi tuliyempata anaichoma rangi kwa moto wa gesi, akimaliza anapiga grenda. Ameshamaliza dirisha moja la sebuleni. Binamu yangu aliyeko Marekani kanipigia simu nisimamishe kazi, eti rangi ya zamani ina risasi. Fundi akacheka, anasema ana miaka ishirini kwenye kazi hiyo na kila jioni anakunywa maziwa. Humu ndani tuna mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, na mkwe wangu ana mimba ya miezi mitano. Je, ni kweli, au ni hofu za watu wa nje? Ning'oe yote niweke alumini? Na vile vioo vya rangi vilivyo juu ya dirisha la sebuleni, navyo vina sumu?"*

Waalaikum salaam, dada. Kabla ya mengine yote, mwambie fundi azime gesi leo hii. Mjukuu na mkwe wako wahamie upande mwingine wa nyumba, na kama kuna jamaa wa kuwapokea wiki moja, ni bora zaidi. Ukishafanya hivyo, rudi usome taratibu, kwa sababu binamu yako kasema kweli lakini haikuwa yote, na sitaki uishie kuyaogopa madirisha mazuri kiasi cha kuyatupa.

Risasi inayosemwa hapa ni madini yale yale ya kwenye betri ya gari na chubwi ya mvuvi. Kwa mamia ya miaka wapakaji rangi walisaga unga mweupe wa risasi ndani ya mafuta ya kitani. Ule unga na mafuta vilishikana vikatoa ngozi laini, isiyopasuka haraka, inayohimili jua na chumvi ya bahari, na hata ukungu hauipendi. Kusema kweli ilikuwa rangi bora. Ukikuta tabaka la chini kabisa kwenye mvule wa babu bado limeng'ang'ania wakati ya juu yote yamebanduka, huenda sababu ni hiyo. Rangi za aina hiyo za zamani zinaweza kuwa na risasi hata nusu ya uzito wake zikishakauka. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa leo hakizidi sehemu 90 kwa milioni.

Sasa, watu wengi wanadhani hatari iko kwenye tabaka la mkoloni peke yake. Dhana hiyo imetoka nchi kama Marekani, ambako rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, kwa hiyo wao wanaitazama tarehe ya nyumba na kukata shauri. Kwetu tarehe haisaidii. Risasi ilikuwa haitiwi kwenye rangi nyeupe tu. Njano kali, rangi ya chungwa na kijani kibichi nyingi zilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na hata rangi nyingine za mafuta zilitiwa vikausho vya risasi ili zikauke upesi. Vipimo vya rangi za madukani vilivyofanyika Tanzania na Kenya baada ya mwaka 2000 bado viliikuta. Kwa hiyo ile kijani ambayo labda mjomba wako aliipaka miaka ya tisini inaweza kuwa mbaya kuliko nyeupe ya babu iliyo chini yake. Chokaa ya ukutani na rangi za maji, kwa upande mwingine, hazinipi wasiwasi sana.

Na si hofu za watu wa nje. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, watu waliumia kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mambo ya kiwanda ni makubwa kuliko ya dirisha, sikatai, lakini madini ni yale yale na mwili wa mtoto ni ule ule.

Dirisha likiwa limetulia, rangi nzima haijabanduka, halimdhuru mtu. Risasi haitoki yenyewe kwenye rangi ikaelea hewani. Shida ni kwamba dirisha ni kati ya vitu vya nyumbani vinavyosuguana kila siku: bawa linakwaruza fremu, komeo linachimba mbao, jua na mvua vinaipasua rangi upande wa nje. Kila unapofungua asubuhi na kufunga magharibi, vumbi kidogo linadondoka kizingitini. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anasimama akishika kizingiti hicho hicho, kisha mkono unakwenda mdomoni. Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake huchukua takriban sehemu moja kwa kumi. Mtoto mdogo anaweza kuchukua karibu nusu, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma, kama walivyo watoto wengi wetu, anachukua zaidi. Ikishaingia inakwenda kwenye ubongo unaokua, na inajificha mifupani kwa miaka, kwa kuwa mwili unaidhania ni kalisi. Mwanamke akishika mimba na mifupa yake ikaanza kutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi ya zamani nayo hutoka, ikapita kwenye kondo la nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Fundi wako amechagua njia mbili mbaya kuliko zote, na amezifuatanisha. Mwali wa gesi unapita nyuzi joto elfu moja. Rangi ya risasi ikipashwa zaidi ya nyuzi 500 hivi huanza kutoa moshi wa risasi, moshi ambao huuoni vizuri na unaingia moja kwa moja kwenye pafu. Ukipoa unashuka kama vumbi jembamba mno, juu ya makochi, juu ya mapazia, kwenye mtungi wa maji usiofunikwa. Halafu linakuja grenda, linasaga kilichobaki na kukirusha nyumba nzima. Mtu akiniuliza namna ya kulifanya dirisha lisilo na madhara liwe la hatari ndani ya alasiri moja, nitamweleza hivyo hivyo.

Kuhusu maziwa: nimewaona mafundi wengi wakiyanywa, wa rangi, wa simenti, wa kuchomelea vyuma, na wenye kazi wengine huyanunua kwa nia njema kabisa. Maziwa hayaoshi pafu wala hayatoi risasi kwenye damu. Ni kweli kwamba mtu anayekula vizuri, mwenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha, tumbo lake hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Kwa hiyo ayanywe, ni chakula kizuri, lakini asiyafanye barakoa. Na hiyo miaka ishirini asiitumie kama ushahidi. Risasi ya mtu mzima haimwangushi mtu juu ya ngazi, inakuja kama shinikizo la damu, figo zinazochoka, tumbo la kukaza na viungo vinavyouma ambavyo kila mtu anasema ni uzee. Tena mwambie kwa upole, maana yeye ndiye aliyekula vumbi jingi kuliko nyote, na kila jioni anarudi nalo kwa wanawe kwenye shati lake.

Dirisha lililokwisha kuchomwa ndilo tuanze nalo. Msifagie. Ufagio wa chelewa unalinyanyua vumbi lote upya, na mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi inalitema nyuma, isipokuwa iwe na chujio la HEPA, lile linalonasa vumbi jembamba sana. Nyunyizeni maji kidogo sakafuni, okoteni maganda kwa mkono wenye glovu, kisha futeni kila kitu kwa tambara lenye maji na sabuni: sakafu, kuta kimo cha mtu, vizingiti, miguu ya viti, midoli. Tumieni ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuza, na maji myabadilishe yakichafuka, la sivyo mtakuwa mnasambaza tu. Mapazia na foronya zifuliwe peke yake. Rudieni kesho yake, kwa sababu vumbi jembamba linaendelea kushuka. Mkeka wa manyoya aliokuwa anatambaa mtoto, kama ulikuwa chumba kile, mimi ningeuacha uende.

Nje chini ya dirisha, okoteni maganda yote na muondoe udongo wa juu, kisha mwagie mchanga safi au kokoto. Kama mna kuku wanaochakura hapo, wafungieni. Kuku humeza maganda, na risasi huonekana kwenye mayai. Angalieni pia kama mnakinga maji ya mvua upande huo.

Na tafadhali, vipande vya mbao zilizopakwa rangi visiende jikoni. Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi katika kazi yangu. Dirisha bovu likishang'olewa, mtu anapita anasema "niachie nikapikie," na kesho yake lipo chini ya sufuria ya maharage au kwenye tanuri la mikate, limepakwa matabaka sita ya risasi. Mvule unawaka vizuri, najua.

Kisha mtoto, mkwe wako na fundi wakapimwe damu, kipimo cha kiasi cha risasi. Muelezeni daktari kwa maneno hayo hayo, "rangi ya zamani ilichomwa ndani ya nyumba," kwa sababu si kipimo kinachofanywa kila siku, na huenda sampuli ikapelekwa mbali. Msingoje dalili. Mtoto anaweza kuwa na kiwango kinachomdhuru akili na bado anacheza na kucheka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu akifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuvuta risasi mwilini ni za viwango vya juu sana, kwa watoto kuanzia 45, na hutolewa na daktari peke yake. Kwa kukutana na vumbi hili siku moja mbili natarajia majibu ya mjukuu yasiwe ya kutisha, ila kutarajia si kupima. Yakija juu, msilaumu dirisha peke yake: mwambieni daktari pia kama mtoto hupakwa wanja, kwa kuwa aina nyingine za wanja wa jiwe zina risasi nyingi, na kama mnapikia sufuria za kusubu. Mtoto akianza kutapika mfululizo, kulegea, kusinzia kusiko kwa kawaida au kupata degedege, hiyo si ya kusubiri miadi, mkimbizeni hospitali.

Je, utajuaje kama rangi yako kweli ina risasi? Kwa macho haiwezekani. Kuna vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi vikigusa risasi, vinaagizwa, lakini vinapima pale vilipogusa tu. Ukivipaka juu ya tabaka jipya vitakuambia hamna. Lazima ukate mshazari mdogo kwa wembe mpaka mbao ionekane, ili matabaka yote yajitokeze kama pete za kitunguu, kisha ndipo upime. Njia ya kuaminika zaidi ni kupeleka vipande vya rangi vyenye matabaka yote maabara, na wa kumuuliza kwanza ni maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukiona gharama au usumbufu ni mkubwa, fanya ninavyofanya mimi: chukulia kwamba rangi yoyote ya mafuta kwenye nyumba ya umri huo ina risasi, ufanye kazi ipasavyo. Gharama ya kukosea upande huo ni maji na nailoni.

Tukija kwenye kazi yenyewe, swali la kwanza si namna ya kutoa rangi yote. Ni kiasi gani cha rangi kinahitaji kuguswa. Mafundi wengi wanapenda kurudi kwenye mbao tupu kwa sababu inapendeza. Kwenye rangi ya risasi, kila tabaka unalolitoa ni vumbi umelitengeneza. Palipo imara, osha kwa sabuni, paruza kwa msasa wa maji kidogo tu ili rangi mpya ishike, upake juu yake, na risasi inabaki imefungiwa humo. Panapobanduka, na panaposuguana (kingo za mabawa, ndani ya fremu, kizingiti), hapo toa mpaka chini. Kupaka juu ya sehemu inayosuguana ni kujidanganya, itakwaruzwa ndani ya miezi michache.

Ushushe mabawa kwenye bawaba zake, uyapeleke uani chini ya kivuli, mbali na kisima na jiko, yalazwe juu ya nailoni nene iliyokunjwa kingo kama sinia. Fremu inayobaki ukutani, tandika nailoni chini ndani na nje, funga mlango wa chumba, toa au funika vyombo. Kisha maji. Chupa ya kunyunyizia yenye sabuni kidogo, lowesha sehemu ndogo, subiri, kwaruza kwa skrepa kali, lowesha tena. Rangi inatoka kama uji mzito badala ya vumbi. Skrepa butu ndiyo inayowafanya watu wakimbilie grenda, kwa hiyo weka tupa ya kunolea karibu, uinoe kila mara. Palipo na matabaka mengi sana, mvuke ni rafiki mkubwa: nyuzi 100 zinalainisha rangi na hata puti iliyokuwa jiwe, bila kufika karibu na joto la kutoa moshi wa risasi. Vibao vya mshazari ni kazi ya subira, hakuna njia ya mkato.

Usikubali kostiki soda. Inakula rangi, ndiyo, lakini inaunguza ngozi, inaugeuza mvule kuwa mweusi na kuacha nyuzi zake zimesimama. Dawa za kutolea rangi zenye dikloromethani zimeua watu waliozitumia kwenye vyumba vilivyofungwa. Kama chupa haielezi kilichomo, iache dukani.

Anayekwaruza avae barakoa ya N95 au P2 kwa uchache, na ya mpira yenye vichujio vya P100 au P3 ni bora. Kitambaa na ile ya hospitali hazizuii vumbi hili, na ndevu nene hufanya hata barakoa nzuri ivuje. Asile wala asivute sigara hapo, anawe mikono na uso kabla ya chai, abadilishe nguo kabla ya kwenda kwake. Mvule mkavu nao vumbi lake linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ingehitajika hata bila risasi. Uji na maganda yote yafungwe kwenye mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, na kabla ya kutupa muulize afisa mazingira wa halmashauri yapelekwe wapi. Yasichomwe, yasizikwe uani, yasiende baharini.

Acha mbao zikauke kwelikweli, siku kadhaa za jua. Mvule una mafuta yake, ufute kwa tina kabla ya praima (rangi ya kwanza ya chini), la sivyo rangi mpya itabanduka utanilaumu. Na unaponunua, soma kopo: litafute lile lililoandikwa halina risasi.

Yale manne ya chuma yana jambo lake. Zamani chuma kilikingwa na kutu kwa praima ya risasi nyekundu, rangi ya chungwa iliyoiva. Baadaye ikaja redoksaidi, ambayo ni oksaidi ya chuma na haina risasi hiyo, nayo ni nyekundu ya hudhurungi. Macho yanachanganya, kwa hiyo usimwache mtu apige grenda kwa sababu tu "hiyo ni redoksaidi." Puti ya madirisha ya chuma katika baadhi ya nchi iliwahi kutiwa asbesto. Ilainishe, itoe ikiwa mbichi kwa maji, usiipasue kwa patasi. Kama juu ya madirisha hayo kuna kipande cha paa la asbesto, hicho msikitoboe wala kukikata kabisa. Hapo mwite mtu mwenye vifaa, na kabla ya hapo zungumza na NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Alumini? Siwezi kukwambia ni dhambi. Bawa lililoliwa na mchwa mpaka ndani halirudi. Lakini kumbuka kung'oa fremu ya zamani kwa nyundo kunatoa vumbi lile lile, pengine zaidi, kwa hiyo hujaikwepa kazi ya maji na nailoni. Na dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu ya uwazi wake, halina kivuli cha vibao, katika mji wenye joto la Tanga. Mvule mzima wa kabla ya vita huupati tena dukani kwa bei yoyote ya kawaida. Mimi ningeyaokoa manane ya mbao, na yale ya chuma ningeamua moja moja kwa kuchokonoa kutu.

Kazi hii fundi wako anaiweza kama atakubali kubadilisha zana. Asipokubali, tafuta mwingine, na mkwe wako asiwepo hata siku moja ya kukwaruza mpaka ajifungue. Sehemu kubwa za ndani zikiwa zinabanduka vyumba vyote kwa pamoja, au damu ya mtoto ikija juu, msiendelee wenyewe. Omba mtu wa usalama mahali pa kazi, OSHA, au afisa afya aje aitazame nyumba kwa macho yake.

Vioo vya rangi vya juu viache mahali pake. Rangi ya kioo cha namna hii kwa kawaida imeyeyushiwa ndani ya kioo chenyewe, haibanduki wala haitoi vumbi. Vifute kwa tambara la maji, na ukague puti iliyovishika pembeni: kama imepasuka, itatolewa kwa maji kama nyingine. Kimoja kikiwa kimevunjika, hifadhi vipande uonyeshe kwa muuza vioo, maana ile bluu ya zamani ni vigumu kuipata kwa kukumbuka tu.